Fungu Chini ya Kawa

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Nimeanza daftari jipya. Si jipya hasa. Ni daftari la bohari, nililoondoka nalo siku niliyostaafu utunzaji wa stoo ya shule ya bweni. Kurasa thelathini zilikuwa bado nyeupe na hakuna aliyeziulizia. Naandika kwa penseli, herufi ndogo, mistari miwili ndani ya mmoja. Penseli yenyewe imebaki urefu wa kidole cha mwisho. Inatosha.

Nia: kubana matumizi ya nyumba hii mpaka vuli ianze. Mimi Mfaume nimelisha wanafunzi mia nne kwa miaka ishirini na sita na halikupotea gunia. Nitashindwaje na nyumba ya watu wawili?

Ndiyo, wawili! Mimi na mke wangu Mwanamina, Mama Halim. Mabinti wameolewa, mmoja Ngarambe, mmoja Dar. Kaka yao Abdulhalim yuko Kiongoroni, huko delta, ananunua kaa kwa wavuvi. Huu ni mwezi wa nne tangu aondoke. Lakini sufuria inayopanda jikoni ni ileile ya watu watano. Nimemuuliza Mama Halim wali wote huu ni wa nani. Akasema mkono wake umezoea.

Na liko kubwa zaidi ya hilo. Kila mchana, tukishakula, anapakua sahani nyingine, anaiweka mezani ukumbini na kuifunika kwa kawa. Lile kawa kubwa la ukindu alilosuka marehemu mama yangu. Fungu la Abdulhalim! Boti za delta zinafuata maji, anasema, mtu anaweza kutokea saa yoyote, na mwanawe haingii ndani ya nyumba hii akakuta meza tupu. Jioni, magari ya kutoka bandarini Nyamisati yakishakwisha, anafunua kawa na wali unakwenda kwa kuku.

Kuku wa hapa wanakula wali wa nazi na samaki. Wanafunzi wangu wangeandamana.

Shabaha ya mpango ni mabati manane. Matano ninayo. Bado matatu.


Ijumaa, 3 Oktoba

Leo kijiko.

Jirani yangu Hemedy, dereva mstaafu wa malori, Mmatumbi na mtani wangu, huja kila siku birika likianza kuimba. Sijui anasikiaje. Hutia vijiko vinne. Leo asubuhi nimechukua msumari na jiwe, nimekitoboa kijiko cha sukari matundu matatu. Mtu anachota, sukari inarudi koponi njiani, mtu anatia hewa kwenye kikombe huku amehesabu vinne. Nani atalalamika?

Hemedy alikitazama. Akakiinua kwenye mwanga. Akanichungulia kupitia tundu la kati. Akasema ameendesha gari mpaka Songea na mpaka Kigoma, hajawahi kuona kijiko chenye madirisha. Kisha akaliinua kopo lenyewe akamimina.

Kopo! Si chini ya vijiko sita! Na baada ya swala ya Ijumaa wazee watatu wameniuliza hali ya kijiko changu.

Niandike na hili, maana nikiwa peke yangu linanirudia. Abdulhalim anatia vitatu. Siku ile ya mwezi wa sita alikuwa amekaa papo hapo alipokaa Hemedy, amekuja na rafiki yake kutoka Mohoro. Nikamuuliza mbele ya mgeni kama anakunywa chai au anatafuna muwa. Mgeni akacheka. Abdulhalim akaweka kikombe chini, hajaonja, akaingia chumbani kwake. Nilidhani amekwenda kubadilisha shati. Akatoka na begi.

Mabati ni ya chumba hicho. Chumba cha uani, paa lake la makuti linavuja tangu masika. Nimeyaegemeza ukutani ndani, nikayafunika mkeka, nikatia kufuli mlangoni. Mama Halim hajui. Ameona kufuli tu, na anadhani nimemfungia mtoto nyumba. Nikimwambia ukweli atampigia simu dakika hiyohiyo, na mtoto ataona baba yake anaomba radhi. Siombi radhi. Naezeka chumba.


Jumamosi, 4 Oktoba

Nazi.

Mama Halim anakuna nazi moja kila siku. Anakamua tui zito, anakamua la pili, machicha anatupa. Anatupa! Nimemweleza kwamba machicha yale yana siri ndani yake. Kuanzia leo nazi moja siku tatu. Leo tui la kwanza. Kesho la pili. Jumatatu la tatu. Akasema tui la tatu yeye hajalisikia tangu azaliwe. Nikamwambia ndiyo maana hatuna mabati. Nikauma ulimi. Akauliza mabati gani. Nikasema mfano tu.

Kwa kuwa hakukubali kukamua, nimekaa mwenyewe na kifumbu uani. Hemedy akachungulia juu ya ua na kuniuliza kama nafua soksi.


Jumatatu, 6 Oktoba

Tui la tatu limepatikana. Rangi yake ni ya maji. Ladha yake ni ya maji. Harufu yake haikuwa ya maji, kwa sababu machicha yalilala siku mbili kwenye bakuli bila barafu, na friji nimeizima ili umeme usikimbie. Mama Halim hakuligusa. Mimi nilikunywa mchuzi wote ili kumwonyesha. Nimekwenda chooni mara saba. Maji ya ndoo mbili. Hiyo ni hasara na naiandika kama hasara, mimi ni mtu wa haki.

Nikiwa nimelala na tumbo langu, nimetazama lile kawa mezani kupitia mlango. Nikaona chanzo cha yote. Si nazi. Si sukari. Ni fungu la mtu ambaye hayupo!

Jioni nimetoa amri. Mchele utapimwa na mimi, kwa kibaba, na ufunguo wa pipa utakuwa mfukoni mwangu. Kibaba kimoja kwa mlo mmoja, watu wawili. Fungu la ziada limefutwa. Atakayekuja atapikiwa akishafika, kama mgeni yeyote.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Alinitazama, akasema haya, akaenda kukunja nguo. Bora angegomba.


Jumanne, 7 Oktoba

Mkaa. Nauzima kwa mchanga baada ya kupika ili utumike tena. Leo nimeuzoa kabla haujafa vizuri, nikautia kwenye gunia lililokuwa chini ya kamba ya nguo. Kanzu yangu ya Ijumaa ina tundu sasa, upande wa goti. Nitasimama safu ya nyuma.

Abdulhalim amepiga simu. Kwa mama yake, kama kawaida. Mimi hanipigii. Sawa tu, kupokea simu kunakula chaji. Nilikuwa ukutani upande wa pili, napanga viberiti. Nimevipanga mara tatu. Nilisikia Mama Halim akimuuliza kama amekula, kama anavaa viatu topeni, kama maji ni makubwa sasa. Mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni makubwa, boti zinapita vijito vyote. Akamwambia aje. Kisha akasikiliza, akasema baba yako ndivyo alivyo, hana ubaya, anaogopa tu.

Naogopa? Mimi?

Marehemu baba alilima bondeni. Mwaka mmoja mto ulipanda mpunga ukiwa umeshaiva, ukaondoka nao wote. Tulikula mizizi ya porini miezi miwili. Aliyepitia hayo hatupi machicha. Hiyo siyo hofu, hiyo ni akili. Haba na haba hujaza kibaba, na nimemwambia hivyo Mama Halim wakati wa chakula. Akasema kibaba chenyewe ninacho mimi mfukoni.

Mchana niliona ajabu. Sahani ilikuwa mezani. Imefunikwa.


Alhamisi, 9 Oktoba

Hesabu haikubali. Siku tatu mfululizo natoa kibaba kimoja. Mimi napata sahani yangu, imejaa kama kawaida. Na chini ya kawa kuna sahani, nayo imejaa. Mchele wa pili unatoka wapi?

Kama ni mwizi, ni mwizi anayeleta. Nimepima pipa. Kamili. Nimepekua kabati, chini ya kitanda, ndani ya mtungi. Nikashuku anaazima kwa Tatu, mke wa Hemedy. Nikaenda kumuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya mvua. Tatu ni mwanamke anayesema lililo moyoni. Akasema Mama Halim hajaazima hata chumvi, na kama nataka kujua mchele unakotoka niache kutazama pipa nitazame kanga ya mke wangu, anaifunga mizunguko mingapi siku hizi.

Sikumwelewa. Wanawake wa jirani wanapenda mafumbo.

Lakini njiani nikakumbuka kwamba tangu Jumatatu Mama Halim anakula jikoni. Anasema ukumbini joto. Leo mchana nikaingia jikoni ghafla, najifanya natafuta kiberiti. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi. Ana sufuria mapajani. Anakwangua ukoko na kushushia kwa maji.

Sahani iliyo chini ya kawa ni yake. Ndiyo anayoila jioni, magari yakishapita.

Nikasema sioni viberiti. Akasema viko ukumbini, nimevipanga mwenyewe. Nikatoka.


Jumamosi, 11 Oktoba

Sikuandika jana. Sikuwa na cha kuandika.

Nimekuwa nikilitazama kawa la mama. Mwaka ule wa mto, baba alikwenda kutafuta kibarua, akakaa huko mpaka mvua nyingine. Mama alikuwa akiweka sahani yake kila siku. Mimi nilikuwa na miaka saba, nina njaa ya kula mkeka. Siku moja nikafunua. Palikuwa na ukoko, kipande cha kiganja. Nikamuuliza kwa nini anafunika ukoko wakati mwenyewe hayupo. Akaniambia mtu akisahauliwa mezani, hata akirudi huwa hajarudi. Nilikuwa nimeyasahau kabisa maneno yale. Yamenijia leo nikiwa nafukuza nzi.

Nimechukua hatua. Nimepandisha kipimo. Kibaba na robo! Sikumweleza sababu, nilipima tu na kumwachia. Pia, mbele yake, nimegawa sahani yangu nikamtilia nusu, nikasema daktari wa redioni ameshauri wazee wale kidogo. Nimesimama pale mpaka aanze kula. Ameanza. Nikaondoka nimeridhika.

Nimerudi baada ya dakika tano. Nusu yangu iko chini ya kawa.

Sasa fungu la asiyekuwepo ni kubwa kuliko la waliopo! Na mimi nina njaa.

Habari njema moja: nimeuza majogoo wawili, kabla hawajakonda kwa kukosa wali. Mabati yamefika saba. Bado moja. Nimeyaandika kwa chaki, kila bati A.H., kama tulivyoandika magunia ya shule ili yasichanganyike. Yatachanganyika na ya nani, sijui. Mkono umezoea.


Jumapili, 12 Oktoba

Naandika haya yote kama yalivyotokea. Daftari la bohari halidanganywi.

Mchana Mama Halim alimaliza kazi zake, akafunika sahani, akaenda kwa Tatu kusukwa nywele. Mimi nilikuwa nimekula nusu sahani siku ya pili. Nilikaa ukumbini. Kawa likakaa mbele yangu.

Nilifunua nipishe hewa tu. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga mzima. Nikaona upande mmoja wa wali umeinuka kuliko mwingine. Nikasawazisha kwa vidole. Upande wa pili ukawa ndio ulioinuka. Nikasawazisha na huo. Samaki alikuwa ameegemea vibaya. Hesabu hizi ukizianza huwezi kuziachia njiani. Nilipokuja kushtuka, palikuwa na sahani, mifupa ya samaki niliyoipanga pembeni kwa adabu, na punje mbili. Nikarudisha kawa, nikalinyoosha. Kwa nje huwezi kujua kitu.

Hapo nikasikia bodaboda inazima mlangoni.

Abdulhalim. Ameungua na jua, mabega yamepanuka, begi mgongoni, kaa wawili wamefungwa kwa ukindu mkononi. Akaniambia shikamoo. Nikaitikia marahaba. Tukasimama. Miezi minne nilikuwa nimeweka maneno akiba, na hata moja halikuwepo.

Mama yake alimsikia kutoka kwa Tatu. Alikuja mbio bila viatu, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama. Analia, anacheka, anamshika uso kama anachagua papai. Kisha akamvuta mpaka mezani. Akamwambia kila siku, mwanangu, kila siku iliyokwenda kwa Mungu fungu lako limewekwa hapa, hata siku ambayo hapakuwa na cha kuweka, na baba yako huyu hapa ni shahidi.

Mimi ni shahidi!

Akafunua kawa.

Nikasema paka. Hatuna paka. Abdulhalim akatazama mifupa ilivyopangwa, akasema pole pole kwamba paka anayefunua kawa, akala, akapanga mifupa na kufunika tena, lazima aliwahi kufanya kazi bohari. Hakucheka aliposema. Mama Halim alikuwa ananitazama ndevu. Nikapitisha mkono. Punje ya tatu.

Mtoto akasema haidhuru, hana njaa sana, acha aweke begi chumbani kwake. Akatoka uani. Sote tukasikia hatua zake zikisimama. Alikuwa amefika kwenye kufuli.

Aliporudi hakuwa na hasira. Hasira ningeijibu. Alisema boti inaondoka kesho alfajiri, anaye rafiki Nyamisati, atalala huko asisumbue mtu. Akachukua begi.

Mama Halim akanigeukia. Akasema amevumilia kijiko, amevumilia mkaa, ameuvumilia mchuzi ule wa maji ya machicha. Lakini huyu akitoka kwa mlango huu, na yeye anatoka kwa mlango huuhuu. Hakupaza sauti. Kwa miaka thelathini sijamsikia mwanamke huyu akisema jambo mara mbili.

Mkono ukaingia mfukoni ukakuta funguo mbili, wa pipa na wa chumba. Nikawapita, nikaenda uani, nikafungua kufuli, nikavuta mkeka. Nikasimama pembeni kama siku za wakaguzi.

Abdulhalim aliingia. Akayatazama mabati. Akapitisha kidole kwenye A.H. ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Akaona kopo la misumari ya bati. Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu mwezi wa sita. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema simu inakula salio.

Akakaa kitandani, akafunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika. Kama anacheka au analia, sikukaa kuchunguza. Nilimpenda mno dakika ile, nikaona nitaaibika. Nikaenda kutazama kaa. Wawili, wakubwa. Mmoja angetosha.


Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi nilikiendea kijiko kizima. Nilikuwa nimekificha kwenye soksi, ndani ya sanduku, kisije kikatumika. Nikamtilia Abdulhalim chai mwenyewe. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Nilikuwa nalirudisha kopo, mkono ukarudi wenyewe. Cha nne.

Alionja, akakunja uso kidogo. Akanywa mpaka mwisho. Mama Halim alikuwa anatazama dirishani, na huko nje hapakuwa na kitu cha kutazama.

Niliandike na hili. Siku ile aliyoondoka, kile kikombe chake cha vijiko vitatu nilitaka kukinywa mimi, ili kisimwagwe. Nilipiga funda moja. Chai iliyobaki niliimwaga nyuma ya choo, na sikuiandika popote. Ndiyo hasara pekee ya maisha yangu isiyo kwenye daftari. Sasa imo.

Hemedy akaja kusaidia kuezeka. Akakiona kijiko kizima, akakipigia saluti. Yeye na Abdulhalim wamepanda juu, mimi chini nawahesabia misumari. Saa saba mchana mabati saba yamekaa. Pakabaki pengo la bati moja, juu ya kitanda kabisa. Nikawaeleza faida yake: mwanga wa bure, balbu haitahitajika mpaka jioni. Mvua ikija, beseni. Maji ya beseni yanafulia.

Wamekataa wote watatu, Mama Halim akiwemo. Abdulhalim amekwenda kununua la nane kwa pesa yake na akarudi na balbu mpya pia. Nimemwambia anapoteza. Akasema ndiyo baba. Akaifunga.


Alhamisi, 16 Oktoba

Abdulhalim atarudi Kiongoroni kesho kutwa. Atakuwa anakuja kila baada ya wiki mbili, maji yakiwa makubwa. Jana kaniambia kuna binti Mohoro, anaitwa Warda, ndugu wa yule rafiki aliyecheka, na kama nitakuwa radhi anaomba nitume wazee. Kaniambia mimi kwanza, kabla ya mama yake. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa nawaza kwamba pilau ya watu mia mbili haihitaji tui, na hilo ni la kushukuru.

Ufunguo wa pipa nimemrudishia Mama Halim. Hakuuomba. Niliukuta unanielemea tu, na mfuko wenyewe umechakaa. Sufuria ya watu watano imerudi motoni. Sikusema kitu. Nimesema kidogo tu.

Leo mchana tumekula wote ukumbini. Abdulhalim sahani mbili. Mama Halim yake ameimaliza mbele yangu, nimehakikisha. Mimi nimekula kipimo nilichojipangia, nusu, kama mfano kwa wengine.

Kisha akapakua sahani nyingine. Akaiweka mezani. Akaifunika kwa kawa.

Nikauliza ya nani tena, mtoto si huyu hapa? Akasema ya paka. Nikamkumbusha hatuna paka. Akasema anajua. Akajitanda kanga, akamwita Abdulhalim amsindikize kwa Tatu. Kwa Tatu ni hatua ishirini, lakini wakaenda wote wawili, wakaniacha peke yangu.

Nikafunua. Wali wa tui la kwanza. Samaki kipande cha mgongoni, ametolewa miiba yote, kama anavyonitolea mimi tangu macho yalipoanza kunishinda.

Nimekula yote. Nimerudisha kawa mahali pake, nimelinyoosha.

Sasa nimekaa na penseli napitia matumizi ya nyumba. Nimeliona tatizo. Paka huyu anakula kupita kiasi. Kuanzia Jumatatu fungu lake lipunguzwe robo.